ROBOTI ZA KUPIGANA: TUSOME KANUNI KABLA YA KUWARUHUSU WATOTO



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mada ya leo si ya kawaida katika ukurasa wetu, lakini nimeulizwa mara nyingi mwaka huu hata nikaona bora nijibu kwa maandishi. Watoto wetu wa sekondari wanatazama kwenye simu mapigano ya roboti yanayotoka Marekani na Uingereza, na sasa baadhi yao wanataka kuandaa ya kwao. Wazazi wamegawanyika. Wako wanaosema ni ukatili na upuuzi, mtoto asiguse kabisa. Wako wanaofurahi kuona kijana ameshika bisibisi, basi wanamwambia fanya utakavyo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimetazama vyuma vinavyogongana na hakuna aliyefungua kitabu cha kanuni, na ndani ya kitabu hicho ndimo jibu la swali lao lilimo.

Nina karatasi mbele yangu niliyopewa na vijana wa hapa Nyamirambo, Kigali. Wengi wao ni wa sekondari, wawili wako chuoni. Ni kanuni walizoziandika wenyewe kwa mashindano wanayotaka kuyafanya likizo ijayo katika ukumbi wa shule. Ina mistari saba. Uzito usizidi kilo tatu. Moto na maji ni marufuku. Silaha nyingine yoyote ruksa. Pambano ni dakika tano. Roboti itakayozimika imeshindwa. Uamuzi wa jaji ni wa mwisho. Kiingilio ni faranga elfu tano kwa timu, na mshindi atachukua zote.

Nimewapenda kwa kuandika, maana wengi hawaandiki hata hicho kidogo. Lakini nimewaambia, na nalisema hapa ili wazazi wao walisome, kwamba kwa karatasi hii wasifanye.

KARAI LA SAN FRANCISCO

Mchezo huu haukuzaliwa na televisheni. Mwaka 1987 kikundi cha wapenzi wa sayansi mjini Denver, Marekani, kilikuwa tayari kinapambanisha vijiroboti. Mwaka 1994 Marc Thorpe akafanya mashindano makubwa mjini San Francisco akayaita Robot Wars. Waingereza wakalichukua jina hilo na kuyaonyesha kwenye BBC kuanzia 1998. Wamarekani wengine wakaanzisha BattleBots mwaka 1999, iliyokuwa kwenye televisheni kati ya 2000 na 2002, ikapotea, kisha ikarudi mwaka 2015. Video wanazozitazama watoto wetu nyingi zinatoka humo.

Sasa sikilizeni kisa cha mwaka 1995, mashindano ya pili ya San Francisco. Ilikuja roboti iitwayo Blendo, kazi ya Jamie Hyneman akisaidiwa na Adam Savage, ambao baadaye walijulikana duniani kwa kipindi cha MythBusters. Umbo lake lilikuwa kama karai la kupikia lililofunikwa kifudifudi, na karai lote lilizungushwa kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi, huku ukingoni limefungwa meno ya chuma. Lilipomgusa mpinzani, vipande viliruka juu ya ukuta wa ulingo kuelekea walikokaa watu. Waandaaji wakaogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Blendo ikapewa heshima ya ubingwa ili isiendelee kupigana.

Blendo haikuvunja kanuni yoyote. Walioandika kanuni hawakuwahi kumfikiria mtu atakayeleta karai linalozunguka. Tangu hapo, ulingo wenyewe ukawa sehemu ya kanuni. Roboti kubwa leo zinapigana ndani ya chumba kilichofungwa pande zote na juu pia, kuta zake ni polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, na waendeshaji wanasimama nje. Roboti inaruhusiwa kuvunjika vipande. Mtu haruhusiwi kupata hata mkwaruzo.

HESABU YA TOFALI

Wanafunzi wa fizikia nifuateni, na wazazi msikimbie, hesabu ni fupi. Nishati ya kitu kinachozunguka inakwenda kwa mraba wa kasi yake. Ukiongeza kasi mara mbili, pigo linakuwa mara nne. Chukueni sahani ya chuma ya gramu 250, sawa na robo kilo ya sukari, ambayo inaingia bila shida katika roboti ya kilo tatu. Ukingo wake ukienda mita 100 kwa sekunde, sahani hiyo imebeba jouli 625 hivi. Ni sawa na tofali la kilo mbili na nusu lililoachiwa kutoka mita 25 juu, yaani kama ghorofa ya nane.

Na kasi hiyo si ya ajabu katika mchezo huu. BattleBots wenyewe wameweka kikomo cha maili 250 kwa saa kwenye ncha ya silaha, karibu kilomita 400, ambazo ni mita 112 kwa sekunde. Waliweka kikomo kwa sababu wajenzi wanaweza kupita hapo.

Rudini sasa kwenye karatasi ya vijana wetu. Kilo tatu, silaha yoyote, na ukuta? Hakuna mstari wa ukuta. Nilipouliza wakaniambia watalaza madawati kwa ubavu yawe duara, na wadogo zao watakaa mbele waone vizuri. Subhanallah! Bapa la chuma likikatika kwenye ekseli yake, dawati la mbao haliwezi kulisimamisha, na la kwanza kukutana nalo ni uso wa mtoto wa miaka saba.

YASIYOONEKANA KWENYE VIDEO

Video inaonyesha cheche. Haionyeshi saa nzima ya ukaguzi kabla ya cheche, na huko ndiko kwenye elimu.

Kila roboti inapimwa uzito. Kisha inainuliwa juu ya kigogo ili magurudumu yasiguse chini, inawashwa, na mkaguzi anaamuru rimoti izimwe. Roboti ikipoteza mawimbi ni lazima isimame yenyewe, magurudumu na silaha pia. Ikiendelea kuzunguka, inarudi mezani. Katika kanuni za SPARC, ambazo mashindano mengi madogo ya Marekani huzitumia kama msingi, silaha inayozunguka inatakiwa iwe imetulia kabisa ndani ya sekunde 60 tangu ikatiwe umeme. Lazima pia pawepo swichi au kiungo cha kuchomoa kinachokata umeme wote, na kiwe mahali ambapo mkono unafika bila kupita mbele ya silaha. Na silaha inafungwa kwa pini au kibanio wakati roboti iko nje ya ulingo. Pini inatoka ya mwisho kabisa, mlango ukiwa karibu kufungwa, na inarudi ya kwanza pambano likiisha.

Zamani kidogo rimoti zilitumia chaneli chache za mawimbi. Mtu mmoja anawasha yake kwenye meza ya matengenezo, roboti ya mwingine inaamka na kumrukia mwenyewe. Kwa hiyo palikuwa na kibanio kimoja kwa kila chaneli, asiyekuwa nacho hawashi. Rimoti za 2.4 GHz za siku hizi zinafungwa na kipokezi chake peke yake na tatizo limepungua sana, lakini ile adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuwasha chochote ningependa ibaki.

Kisha betri. Hapa naomba akina mama mnisikilize hasa, maana betri inachajiwa nyumbani kwenu, usiku, juu ya godoro. Betri za lithiamu zinazopendwa na wajenzi ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zikitobolewa, zikivimba au zikichajiwa kupita kiasi zinaweza kuwaka moto wa ghafla wenye moshi mbaya. Haichajiwi na chaja ya simu wala ya redio, ina chaja yake. Haichajiwi watu wamelala. Iliyovimba haitumiki tena hata kama mwenyewe analia kwamba ilimgharimu pesa nyingi. Siku ya mashindano iwepo sehemu moja ya kuchajia yenye mtu mzima anayeikodolea macho, ndoo ya mchanga mkavu, na mlango wa kutokea nje ulio wazi. Vijana waliandika "moto ni marufuku" wakimaanisha silaha ya moto. Moto wa betri hauombi ruhusa.

WAVU NDANI YA SANDUKU LA ZAWADI

Hadi hapa sidhani kuna atakayebishana nami. Penye ubishi ni hapa: kama jambo halikuandikwa, ni halali?

Mwaka 2015 katika BattleBots, roboti iitwayo Complete Control ilikutana na Ghost Raptor, ambayo silaha yake ni bapa refu linalozunguka. Complete Control iliingia imebeba kisanduku kilichofungwa kama zawadi ya sikukuu. Ghost Raptor ikakipiga kama ilivyotegemewa. Ndani mlikuwa na wavu! Ukajisokota kwenye bapa na silaha yote ikakwama. Katika mchezo huu nyavu, kamba na kila kitu cha kunasa vilikuwa vimepigwa marufuku kwa miaka, na kila mkongwe alilijua hilo. Lakini wenye Complete Control wakasema, tuonyesheni imeandikwa wapi, na katika kanuni za mwaka ule haikuwemo. Pambano likarudiwa bila wavu, Ghost Raptor ikashinda.

Nimewasimulia vijana kisa hiki na wamegombana jioni nzima. Wengine wanasema ule ni ulaghai mtupu. Mimi siuiti ulaghai. Kumshtukiza mpinzani ni sehemu ya mchezo wowote wa kushindana, na mtu ana haki ya kuhukumiwa kwa kilichoandikwa. Kijana kutoka Kigali akisafiri kwenda kushindana ugenini, atajuaje yaliyomo vichwani mwa wakongwe? Ana kitabu tu. Ukimwadhibu kwa desturi ambayo hakuambiwa, umempa mwenyeji ushindi kabla ya kengele. Waliokosea ni walioandika kitabu wakasahau mstari.

Lakini vilevile siwezi kukubali kwamba ushindi ungebaki vile ulivyokuwa. Ghost Raptor nayo ilijengwa na watu walioamini nyavu haziruhusiwi, na hawakuwa wajinga kuamini hivyo. Kurudia pambano kulimwondolea kila mmoja sehemu ya alichokidai na hakukumwonea yeyote. Ningekuwa jaji ningeamua hivyo hivyo, kisha usiku uleule ningeandika mstari uliosahaulika.

Kwa hiyo nimewataka vijana waongeze kifungu ambacho hawakuwa nacho kabisa: timu yenye shaka kuhusu kifaa chake iulize kwa maandishi kabla ya siku ya ukaguzi, na swali pamoja na jibu vipelekwe kwa timu zote. Mmoja wao, kijana mwerevu sana, akanijibu, "Mzee, nikiuliza nitakuwa nimetoa siri yangu!" Ni kweli, siri itatoka. Hiyo ndiyo bei ya kupata uhakika, na asiyetaka kuilipa ana hiari ya kunyamaza, akijua kwamba mkaguzi anaweza kumkatalia asubuhi ya mashindano na hatakuwa na pa kulalamikia.

Kipo kisa kingine cha aina hiyo. BattleBots ya zamani iliwapa uzito wa ziada wanaojenga roboti ya kutembea kwa miguu badala ya magurudumu, kwa sababu miguu ni kazi ngumu na walitaka watu waijaribu. Mwaka 2001 ikaja Son of Whyachi. Miguu yake ilikuwa vipande vilivyosukumwa na kamshafti, vikiburuza mwili mbele hatua ndogo ndogo. Kwa maneno ya kanuni ilihesabiwa kuwa inatembea, ikapata uzito wa ziada, ikautumia kubeba silaha kubwa ya kutisha, na ikatwaa ubingwa wa uzani mzito kwa kuishinda BioHazard iliyokuwa ikiogopwa na wote. Baada ya hapo kanuni ikabadilishwa, miguu ya namna ile isihesabiwe tena. Ubingwa hawakunyang'anywa. Hilo nimelipenda mno. Kanuni mpya ilianza siku iliyoandikwa, haikurudi nyuma kumtafuta aliyefuata ile ya zamani.

JAJI NI NANI, NA ANAHUKUMU NINI?

Karatasi inasema uamuzi wa jaji ni wa mwisho. Sawa, lakini anaamua nini? Dakika zikiisha na roboti zote mbili bado zinatembea, mshindi ni nani? Mwenye kelele nyingi? Mpwa wake jaji?

BattleBots wanatumia majaji watatu, na kila mmoja ana pointi 11 za kugawa baina ya roboti mbili: 5 za uharibifu, 3 za ushambuliaji, 3 za kuutawala mwendo wa pambano. Namba zote hizo ni za witiri, basi hakuna sare. Mzazi anaweza kukataa kwamba uharibifu uwe na pointi nyingi kuliko vingine, na kwa watoto mimi pia nakataa. Ukitoa pointi 5 kwa kuvunja, kila mtoto atajenga bapa linalozunguka. Ukitoa 5 kwa kutawala, watajenga kabari za kusukuma na mikono ya kuinua, na watajifunza kuendesha. Wanaoandika kanuni ndio wanaochagua roboti zitakazojengwa, hata kabla skrubu moja haijafungwa. Vijana wetu hawakulitambua hilo, na sidhani kama watu wazima wengi wanalitambua.

"Kuzimika" nako kuna maana gani? Roboti iliyopoteza gurudumu moja na inazunguka palepale kama kuku aliyechinjwa, imezimika? Desturi ni kwamba refa akiona roboti haiwezi tena kusogea kwa kutawaliwa, anaanza kuhesabu hadi kumi, na mwenyewe ana sekunde hizo kuthibitisha kwamba bado yumo. Pia lazima paandikwe muda ambao roboti inaweza kumbana mwenzake ukutani kabla ya kuamriwa amwachie, la sivyo mwenye nguvu atambana mwenzake mpaka mwisho na watazamaji watakwenda kununua sambusa. Dakika tano ni nyingi. Hata roboti za kilo 113 za BattleBots zinapigana dakika tatu, na mota ndogo za watoto wetu zitaungua kabla ya hapo.

UZITO UNAOWAFAA

Kilo tatu ni nyingi mno kwa wanaoanza. Nimewaonyesha kwamba Waingereza wana daraja la gramu 150 tu, na roboti ikianza lazima iingie ndani ya mchemraba wa inchi 4, kama sentimita 10 kila upande. Wamarekani wana la ratili moja, gramu 454, na ndani yake wengine wanaruhusu roboti za plastiki peke yake. Roboti ya gramu 150 inaingia kwenye kikombe kikubwa cha uji. Inapigana juu ya meza iliyowekewa sanduku la plastiki ngumu, na kosa lake ni dogo. Hata hivyo miwani ya kinga ivaliwe, na mfuniko uwepo.

Kwa wadogo zaidi iko sumo ya roboti iliyotoka Japani. Hakuna bapa wala nyundo. Roboti ndogo isiyozidi gramu 500 na sentimita 10 kwa 10 inamsukuma mwenzake nje ya duara la sentimita 77, na mshindi ni wa kwanza kufikisha pointi mbili ndani ya dakika tatu. Ile inayojiendesha yenyewe bila rimoti inasubiri sekunde 5 baada ya kuwashwa ili watu watoe mikono. Duara hilo fundi mbao yeyote wa Gakinjiro atalikata kwa mchana mmoja. Vijana wamenuna nilipolitaja, wanaona ni mchezo wa watoto. Lakini kutengeneza roboti inayomtafuta adui kwa macho yake yenyewe na isianguke ukingoni ni kazi ngumu kuliko kuzungusha chuma, na wanaobisha nawasubiri wailete.

Wapo wanaosema haya ni ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Si kweli. Wanafunzi wa chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, wana timu yao RioBotz, na roboti yao Minotaur iliingia BattleBots mwaka 2016 na kuwatia hofu wenyeji. Mwalimu wao, Marco Meggiolaro, ameandika kitabu kizima cha kufundisha ujenzi wa roboti hizi na wamekiweka kwenye tovuti bure. Bombay, chuo cha IIT kina mapambano ya roboti katika tamasha lao la Techfest. Vijana wa chuo wasome kitabu hicho kabla ya kununua mota hata moja.

Ila fedha ni tatizo la kweli hapa kwetu. Mtoto ambaye mjomba wake yuko Ulaya atatumiwa mota za kisasa, na mwenzake atatoa mota kwenye printa mbovu. Nimependekeza kikomo cha gharama, risiti zionyeshwe, na vifaa vilivyookotwa vihesabiwe sifuri. Na kiwepo kifungu cha nani amejenga: fundi akichomelea ni sawa kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, lakini mtoto lazima aweze kuifungua roboti yake mbele ya mkaguzi na kueleza kila waya unakwenda wapi. Akishindwa kueleza, roboti ni ya baba, na baba ashindane na mababa wenzake.

KIINGILIO NA ZAWADI

Mstari wa saba ndio uliowakasirisha baadhi ya wazee, na hapa naungana nao. Kila timu kutoa faranga elfu tano, zikusanywe, mshindi achukue zote: hiyo ni sura ambayo wanazuoni wengi wanaihesabu kuwa kamari, hata kama nia ya vijana ni safi. Zawadi ikitolewa na mtu wa nje, duka au mzazi asiyeshindana, jambo ni jepesi zaidi. Mimi si mufti, wampelekee imamu swali hilo na karatasi yao mkononi. Hata tukiacha upande wa dini, fedha ya viingilio inaharibu ukaguzi. Mkaguzi anayemwambia mtoto "roboti yako si salama, hupigani" huku pesa ya mtoto iko kwenye kapu, atajikuta anaona haya na kumpitisha. Kiingilio kiwe cha kulipia plastiki ya ukuta, na asiyepita ukaguzi arudishiwe.

Kuhusu wanaosema ni ukatili, nitasema machache. Chuma hakisikii maumivu. Kinachonitia wasiwasi ni ulimi wa mtoto aliyeshindwa na wa aliyeshinda, na hilo liko kwenye mpira pia. Katika mchezo huu wameweka desturi nzuri ambayo vijana hawaioni kwenye video: mpinzani akivunjikiwa, timu nyingine zinamwazima betri, gurudumu, hata fundi, ili awahi pambano lake lijalo. Wengine wanamtengenezea yule yule atakayepigana nao baada ya nusu saa. Sikuona sababu ya kuliandika kuwa kanuni, lakini nimewaomba waweke meza moja ya vifaa vya wote.

Tulipofikia ni hapa. Vijana wamekubali gramu 454 kwa wakubwa, bila silaha ya chuma inayozunguka kwa mwaka huu, na sumo ya gramu 500 kwa walio chini ya miaka kumi na tatu. Dakika tatu, majaji watatu, hakuna jaji mwenye mtoto au mpwa kwenye ratiba. Mapambano yatasimama kwa Adhuhuri na Alasiri, na betri hazitachajiwa ukumbi ukiwa mtupu. Karatasi imekuwa kurasa nne na bado wanabishana kuhusu kikomo cha gharama. Tarehe haijatangazwa, na haitatangazwa mpaka ukuta upatikane: tunatafuta karatasi nne za polikaboneti za milimita 6, hata zilizotumika kwenye paa la baraza au bango la duka, mradi hazina nyufa. Mwenye nazo, au mwenye kumjua fundi umeme mwenye subira atakayekubali kuwa mkaguzi kwa siku moja bila malipo, amwone mwalimu wa madrasa baada ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.